Unakwenda kwa Nani?

Kwenda msituni Unguja hakuhitaji uwe na gari lako wala rafiki mwenye gari. Daladala za Jambiani, namba 309, na za Makunduchi, namba 310, zinapita mbele ya lango la Jozani, kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini. Unapanda, unakaa ukipata pa kukaa, unashuka, umefika. Ugumu hauko hapo. Ugumu ni kuwafahamisha abiria wenzako kwamba unakwenda kutembea.

Swali huja mapema, aghalabu kabla gari halijatoka Mwanakwerekwe. Mara ya mwisho mwulizaji alikuwa bibi mmoja aliyempakata kuku. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake kwa namna ambayo mtu mrefu husimama ndani ya daladala zetu za mbao, yaani katika rukuu isiyo na mwisho, masikio yangu yakiwa karibu na kinywa chake kuliko heshima inavyoruhusu. Juu ya paa kulikuwa na godoro, mabati na viti vya plastiki. Chini kulikuwa na sisi, na utingo akiendelea kusema nafasi ipo.

"Unashukia wapi, mwanangu?"

"Jozani, bibi."

"Una jamaa Jozani?"

"Sina. Nakwenda kutembea tu."

"Kwa nani?"

"Msituni."

Bibi alinyamaza. Hata kuku aliniangalia.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Na mkeo anajua?"

Gari zima likawa limeshaingia katika shauri. Bwana mmoja mwenye kikapu cha mbatata alinitetea kwa kusema huenda nakwenda Mwaka Kogwa. Utetezi wake haukufika mbali, maana Mwaka Kogwa husherehekewa Makunduchi mwezi wa Julai, na siku ile kaskazi ilikuwa bado inavuma. Hapo mama mmoja wa nyuma akatoa hukumu kwa sauti ya chini iliyosikika hadi kwa dereva: "Huyo mganga. Anafuata dawa." Nyuso zikalegea. Mganga ana shughuli, na mwenye shughuli haulizwi zaidi. Tulipofika Tunguu nilikuwa nimeshaelezwa mgongo wa mtu mmoja, tumbo la mtoto, na mume asiyerudi nyumbani mapema.

Bibi peke yake hakuacha kunihurumia. Alinishika mkono akanionya kuhusu chui. Nikamwambia kwa adabu kwamba chui wa Unguja hajaonekana siku nyingi, na kwamba tuliyemwona wengi wetu ni yule wa makumbusho, aliyejazwa na kusimamishwa. Akanitazama kwa masikitiko. "Wa porini hana neno, mwanangu. Mwogope anayefugwa." Wazee wetu wameshikilia hivyo kwa miaka mingi, kwamba wako watu wanaofuga chui na kuwatuma kazi, na ndani ya daladala si mahali pa kubishana na mzee aliyekushika mkono.

Kwa sababu ya mjadala huo niligonga ubao wa gari hata vidole vikauma, na utingo, aliyekuwa akisubiri kusikia habari za yule mume, hakusikia. Lango la Jozani likapita, Pete ikapita, nikashushwa Kitogani. Nami nimekuja kutembea, basi nikageuka nianze kutembea.

Hapo ndipo nilipojua kwamba barabara ya kusini haikubali mtu atembee. Bodaboda wa kwanza alisimama akaniuliza kama nimeibiwa. Wa pili aliuliza nani amefariki. Mtu anayekwenda kwa miguu juani, hana polo, hana jembe, hana hata mfuko wa mkate, lazima limempata jambo. Kisha akaja mzee mmoja na gari la ng'ombe lililojaa makuti. Akanikaribisha nipande, nikamshukuru nikasema napenda kwenda kwa miguu. Hakukasirika. Alimpunguza ng'ombe mwendo ili tuende sambamba, akaanza kuniliwaza. Alidhani nina msiba nisiotaka kuutaja. Mwendo mzima aliniambia subira, subira, na ng'ombe akapiga chafya kila baada ya "subira" kana kwamba ndiye mwitikiaji.

Langoni bwana mmoja alinipokea vizuri, akachungulia nyuma yangu, akauliza: "Wageni wako wako wapi?" Nikasema sina wageni, mgeni ni mimi. Akacheka, akanikatia tiketi ya bei ya wenyeji.

Msitu wenyewe sina neno nao. Maji ya ardhini yako karibu mno na uso wa udongo, mvua kubwa ikinyesha njia hugeuka madimbwi, na mitondoo na michikichi imenenepa kwa raha hiyo. Ukiingia tu joto la barabarani linakatika. Ng'ambo ya barabara, upande wa Pete, kuna njia ya mbao juu ya mikoko, ambako kaa hukukimbia kwa hatua tatu kisha husimama kukuangalia umefuata nini. Angalau wao hawaulizi kwa nani.

Lakini kilichonipeleka ni kima punju. Huyu hana pengine duniani ila Unguja, ukiacha wachache waliopelekwa Pemba miaka ya 1970. Ana mgongo mwekundu, nywele zilizosimama kama hajaamka vizuri, na vidole vinne mkononi bila gumba la maana. Kanuni inasema usimsogelee wala usimlishe. Kima hajasomewa kanuni hiyo, na mmoja alipita juu ya kiatu changu bila hodi.

Alikuwa na kipande cha mkaa. Kima hawa wanapenda majani ya miembe na mikungu ya mashambani, na majani hayo yana vitu visivyokaa vizuri tumboni. Basi hula mkaa, ambao hunasa sumu ile. Huufuata kwenye matanuri yaliyozimwa na hata majikoni mwa watu. Yule wangu aliugeuza mkaa wake taratibu, akauma ukingo, akatafuna, midomo ikawa myeusi, kisha akafuta mkono kwenye mkia wa mwenzake.

Pale pale nikafahamu pia maana ya matuta yaliyonipigiza kichwa kwenye paa asubuhi. Kima walikuwa wakigongwa ovyo na magari wakivuka barabara kati ya msitu na mashamba. Yalipowekwa matuta, vifo vikapungua. Kima amepona, nundu nikaipata mimi. Sikuona vibaya sana.

Kurudi ni habari fupi. Daladala za jioni hutoka kusini zimeshajaa, na dereva hukupungia mkono kwa upole kama mnafahamiana. Ya kusimama ilisimama, nami nikarudi mjini nikiwa nimekumbatia ndoo ya pweza ya mtu nisiyemjua, bila kuulizwa swali hata moja. Mtu mwenye pweza ana sababu ya kuwepo.

Ndipo nikapata akili. Safari iliyofuata, bibi mwengine, kuku mwengine, swali lile lile. Nikajibu bila kupepesa: nakwenda Kitogani kununua mkaa. Gari zima likatikisa kichwa kwa heshima. Hakuna aliyenionya kuhusu chui, hakuna aliyemtaja mke wangu. Nilisimama katika rukuu yangu kwa amani mpaka tukapita Tunguu, ndipo bibi akafungua fundo la kanga, akahesabu noti, akanibana nazo kiganjani.

"Na mimi nichukulie polo mbili, mwanangu. Kesho nakusubiri hapa hapa."