Hotuba Juu ya Neno "Discomfit", Kama Ilivyotolewa na Bingwa Pekee Aliyejitokeza

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, mabibi na mabwana, na ninyi vijana mliobanana dirishani.

Kwanza shukrani. Nimeletwa hapa kwa gari, tena lenye viti vya ngozi, na dereva kanifungulia mlango kwa mikono miwili. Hivyo ndivyo bingwa aletwavyo. Mwenyekiti kanitambulisha kuwa "mpenzi wa lugha". Nasahihisha: mimi ni Daktari. Udaktari huo nimejitunuku mwenyewe, baada ya kuvingoja vyuo vikuu miaka 11 bila hata kimoja kuzinduka.

Mada ya leo ni kitenzi kimoja cha Kiingereza, kikongwe, chenye mvi, nilichokiandika hapo ubaoni kwa herufi kubwa ili hata wenye macho mabovu wakione. Tamkeni nami: dis-KAM-fit. Mkazo umekaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, mahali pale pale Kiswahili kinapoupenda. Waingereza hawajatushukuru kwa hilo. Binti mwenye daftari la bluu, shusha mkono. Maswali baadaye.

Mkiwauliza watu wa kawaida (nawaomba radhi, wengi wenu ni watu wa kawaida) neno hili lina maana gani, watasema ni kumfadhaisha mtu, kumtahayarisha, kumfanya ajikune kichogo. Waziri kaulizwa swali redioni, kakohoa, kanywa maji, kaomba swali lirudiwe: hapo husemwa kwamba amekuwa discomfited. Na hali yake huyo waziri, kule kukohoa na yale maji, jina lake ni discomfiture. Leo neno hili halitumiki sana kwa kutenda. Mara nyingi huonekana limekwishampata mtu, au limegeuzwa sifa ya swali, ya ukimya, ya macho ya mama mkwe. Kamusi zimekubali. Mimi sijakubali.

Kwa nini? Kwa sababu neno hili lilizaliwa vitani! Asili yake ni Kifaransa cha kale, desconfire, na nyuma yake yuko Mlatini na conficere yake, yaani kutengeneza, kukamilisha jambo. Ile des- ya mwanzoni inatengua kilichotengenezwa. Ninyi mnaoogopa Kilatini msihangaike, bibi zenu wanaijua kanuni hii: funga, fungua, tega, tegua, panga, pangua. Jeshi limepangwa mstari kwa mstari, bendera juu, ngoma zinalia. Anakuja adui, analipangua. Kupanguliwa huko, kila askari akishika njia yake na kiatu kimoja, ndiko discomfit ya kweli. Shakespeare aliijua. Katika sehemu ya kwanza ya *Henry IV*, mfalme analitumia neno hili kueleza Hotspur alivyompiga Douglas wa Uskoti, na katika habari ile hakuna aliyejikuna kichogo.

Lakini ushahidi wangu mkubwa ni Biblia ya Mfalme James, ya mwaka 1611. Fungueni Waamuzi, sura ya nne. Sisera ana magari 900 ya chuma. Mia tisa! Baraka anashuka mlimani, Debora yuko nyuma yake, na Mungu anamfanya Sisera nini? Wafasiri wa mfalme walitumia neno langu. Sasa nawauliza: Sisera alitahayari? Aliinamisha uso akachezea vifungo vya kanzu? Bwana yule aliruka chini ya gari lake akatimua mbio kwa miguu, jemadari mzima, mpaka hemani kwa mwanamke aitwaye Yaeli. Akaomba maji, akapewa maziwa, akafunikwa blanketi, akalala. Yaliyofuata yanahusu nyundo na kigingi cha hema, na humu ndani mna watoto. Binti, mkono tafadhali. Nimekuona.

Niruhusuni nipite jikoni kidogo, maana naona mnasinzia. Kutoka kwa confire hiyo hiyo Wafaransa wakapata confit, bata anayepikwa polepole katika mafuta yake mwenyewe kisha akahifadhiwa humo humo. Waingereza nao wakapata comfit, pipi ya mbegu au lozi iliyovishwa sukari, ambayo mimi naihesabu kuwa binamu wa mbali wa ubuyu. Kwa hiyo jeshi lililoshindwa, bata na kitu mfano wa ubuyu vyote vimetoka nyumba moja. Hilo hamtalisikia kwingine. Andikeni.

Kosa lilianzia wapi? Lilianzia kwa jirani. Kiingereza kina neno jingine, discomfort, ambalo halina undugu wowote na langu. Hilo limetoka kwenye Kilatini cha fortis, nguvu. Ni mtu aliyekosa faraja, aliyekalia kiti kigumu. Sauti zikafanana, watu wavivu wakachanganya, na mwanajeshi wangu akaanza kupungua mwili. Kwanza akawa wa kuvuruga mipango ya watu tu. Kisha akawa wa kuwatia haya. Sikilizeni vizuri: kiti kigumu hakiwezi kuku-discomfit. Kiti hakina jeshi! Herufi mbili tu zimeingia mahali pa moja, na ufalme umeanguka. Mtu asiyeweza kutofautisha maneno haya mawili hafai kupewa chaki.

Mimi mwenyewe nimeumizwa na uzembe huu. Niliwahi kuomba kazi katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nikawaahidi kwa Kiingereza safi kwamba ningewa-discomfit washindani wao wote wa biashara. Nilimaanisha panga, vumbi, farasi. Wao wakaelewa kwamba ningewaendea washindani madukani kwao kuwatia aibu. Kazi akapewa kijana aliyeandika kwamba ataongeza mauzo.

Kuna mzee hapa ananong'ona kwamba hata Kiswahili kimefanya vivyo hivyo. Kwamba tahayari kwa Waarabu ni kuduwaa, kukosa la kushika, na sisi tumelifanya la kuona aibu, labda kwa kuwa limekaa karibu mno na neno haya. Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ni nzuri, inaniharibia hotuba, na tunaendelea.

Nahitimisha kwa agizo. Kuanzia leo, asiwepo mtu katika mji huu atakayelitumia neno hili pasipo na majeruhi. Na kila mtu kabla ya kuondoka alinakili lilivyo ubaoni, herufi kwa herufi, alibandike juu ya kitanda.

Haya, binti. Umevumilia. Simama, sema kwa sauti watu wakusikie.

Ubaoni? Ubaoni kuna nini?

Herufi ya nane. Naam, herufi ya nane ni... Mwenyekiti, nani ameushika ubao huu? Mwandiko ni wangu, sikatai. Ni O. Na inayofuata ni R. Basi tangu saa nane...

Msicheke. Wazee, tafadhali, msicheke. Binti, una miaka mingapi? Tisa.

Mwenyekiti, mlango wa nyuma ni upi? Hapana, gari sitalihitaji, mwambie dereva atangulie nalo. Mimi nitakwenda kwa miguu. Ahsante, mama, umenifikiria vizuri, lakini maziwa sinywi.