Mama Mkwe na Loki za Umeme

Jumamosi mama mkwe wangu alishuka kwenye gari kwa kuvizia, mbele ya ukumbi wa harusi Sinza, ukoo mzima ukitazama. Nilizima injini tu, loki zikaanza: taka-tak, zimefunga, taka-tak, zimefungua. Mjomba aliyekuja kumpokea akavuta kitasa, kumbe loki imeshuka. Akaachia, ikapanda. Akavuta, ikashuka. Kioo cha nyuma hakishuki (hiyo ni kesi nyingine), kwa hiyo shikamoo zilipita kwa kusoma midomo. Mwishowe mama mwenyewe, mkoba kifuani, akawa anaisikilizia loki kama mtoto anayengoja kuingia kwenye kamba. "Sasa!" akasema. Mlango ukafunguka, na jasho lake likatangulia kushuka.

Corolla yangu ilifungiwa seti ya loki Kariakoo, na ukiielewa utaipenda. Kila mlango una kimota, na milango mitatu ina waya mbili mbili tu. Umeme wa volti 12 ukipita huku, ufito wa loki unapanda. Ukigeuza chanya ikawa hasi, ufito huohuo unashuka. Basi! Wa dereva ndio mnyapara: una waya tano, maana tatu ni za swichi inayopeleka habari kwenye kisanduku kinachoongoza loki zote, "mimi nimefunga, na wao wafunge." Zote zinapita kwenye ule mpira wa mikunjo karibu na bawaba. Kila ukifungua mlango, unazikunja. Miaka ikienda, shaba inakatika ndani kwa ndani, ganda la nje zima kabisa. Waya inagusa, inaachia. Kisanduku kinapokea amri, kisha kinyume chake, kisha amri tena. Ningekuwa mimi, ningeshaacha kazi.

Fundi niliyempelekea gari hakuugusa mpira huo. Aliniuzia mota. Ugonjwa ukabaki, akaniuzia nyingine, halafu kisanduku. Mafundi wetu hawatafuti ugonjwa, wanabadilisha vifaa mpaka pesa yako iishe, kisha wanakwambia, "Magari ya zamani ndivyo yalivyo, bosi." Ya zamani! Hayo ndiyo yanayowalisha.

Jana nimeuvua mpira mwenyewe, nikaikuta waya imekatika, nikaiunga na kuizungushia solotepu. Loki zimetulia. Ila katika kuufungua mlango nimevunja klipu zake, sasa unapiga ngoma kwenye barabara ya vumbi. Mama mkwe anapanda bajaji.

Mota zangu za awali, nzima kabisa, fundi alibaki nazo. Bila shaka sasa ziko kwenye gari la mtu, na ameuziwa kama mpya.