Shamba la Bibi Kanga

Wanyama wa Bonde la Mikuyu walichoka kugombania ardhi. Kila masika yakikaribia ngiri alivuka mpaka wa nungunungu, na wajane walifukuzwa mashambani na mashemeji zao. Wakaamua kuifuata sheria ya majirani zao, binadamu wa Tanzania: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Wakaipokea nzima, bila kupunguza kifungu.

Ilikuwa sheria njema. Ilisema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Ilisema halmashauri ya kijiji ikipokea maombi ya hati ya hakimiliki ya kimila, iyatolee uamuzi ndani ya siku 90. Bibi Kanga, mjane aliyelima kando ya kijito, aliposomewa vifungu hivyo aliomba asomewe tena. Alfajiri yake alikuwa mlangoni kwa Nguchiro, mtendaji wa kijiji.

"Mwanangu, nimefuata hati yangu."

"Karibu, bibi. Fomu zimekwisha, nimeagiza wilayani."

Nguchiro hakuwa mwongo wala mla rushwa. Sheria ilitaka kijiji kiwe na masijala ya ardhi. Yeye alikuwa na sanduku la mbao chini ya kitanda, na wino wa muhuri aliununua kwa mshahara wake. Ukifungua lile sanduku ulisikia mchwa wakitafuna.

Fomu zilipofika, Kanga aliweka dole gumba, na halmashauri ikamkubalia kabla ya siku 90 kwisha. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Hati haikamiliki kwa sahihi za kijijini peke yake. Lazima afisa ardhi wa wilaya aisaini, aigonge muhuri na kuisajili. Afisa huyo, Korongo, alikuwa na vijiji chungu nzima na gari moja lililokaa juu ya mawe. Fungu la mafuta lilikuwa limefutwa kwenye bajeti na wakubwa walewale waliopiga makofi sheria ilipopita. Bunge lao lilijua gharama ya kuichapa sheria. Gharama ya kuifikisha kijijini hakuna aliyeiuliza.

Ikapita miaka miwili. Uchaguzi ukaleta wajumbe wapya. Ndipo Fisi, mzaliwa wa kijiji aliyehamia mjini, akarudi na gari, tangi limejaa. Shemeji yake Kanga akamsainia kwamba shamba la kando ya kijito ni mali yake yeye shemeji na amemwachia Fisi. Wajumbe wakaomba rejista waone kama kuna mwombaji mwingine. Kurasa za mwaka wa Kanga zilikuwa vumbi. Fisi akampakia Korongo, wakapima mchana mmoja, jioni muhuri ukagongwa.

Korongo hakupewa hata shilingi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Laiti angehongwa, tungejua pa kushika. Lakini ofisi isiyo na mafuta itapima shamba la mwenye mafuta, na kila hatua itakuwa na fomu yake halali. Tumezoea kusema sheria isiyotekelezwa imelala. Ile ya Mikuyu ilikuwa macho, ikimtumikia aliyeweza kuilipia safari.

Kanga alikwenda baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake kama sheria inavyotaka. Akaleta majirani walioujua mkuyu aliopanda marehemu mumewe mpakani. Baraza likasuluhisha, Fisi akakataa, shauri likapanda wilayani.

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji Nguchiro alisoma hesabu ya ushuru wa mnada, na viongozi wakapendekeza utumike kumpokea mgeni rasmi. Kanga akasimama.

"Mwanangu, toa kwanza hela ya kabati la chuma. Halafu nauli yako ya kupeleka hati zetu wilayani kila mwezi, tuisikie ikisomwa hapa kama mlivyousoma ushuru."

Wakapiga kura, Kanga akashinda kwa mikono michache. Kabati likaletwa kwa mkokoteni, na hati 11 zikatoka kabla ya mavuno. Kesi ya shamba bado iko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kila inapotajwa, nauli ya mashahidi wa Kanga hutoka kwenye ushuru uleule.