Uvundo Wenye Bei: Barua kwa Madiwani wa eThekwini

Waheshimiwa Madiwani,

Naandika kutoka Sydenham, hapa Durban, upande ambao kwa miaka mingi upepo ukigeuka watu walifunga madirisha.

Pokeeni hongera iliyochelewa. Wazee wetu wa pwani waliuza karafuu, nazi, hata ngozi. Kuuza uvundo hawakuwahi kuwaza. Dampo la Bisasar Road lilifunguliwa mwaka 1980, enzi za ubaguzi, katikati ya makazi waliyotengewa Wahindi. Likaahidiwa kufungwa, halikufungwa wakati ulioahidiwa. Kisha ikagundulika kwamba taka zikioza hutoa methani, na kwamba katika hesabu za mkataba wa tabianchi wa Kyoto tani 1 ya methani ilikuwa sawa na tani 21 za hewa ukaa. Aibu ikageuka dawa ya tabianchi, na kila tani iliyozuiwa ikawa ya kuuza. Nani anafunga duka la dawa?

Alikuwapo jirani mbishi, Sajida Khan, nyumba yake ikitazamana na dampo. Akaupinga mradi huo wa kuuza gesi, akakata rufaa, hata Benki ya Dunia, iliyotaka kununua, ikajitoa Bisasar, kama mgeni aliyekumbuka ghafla kwamba ana safari. Alifariki mwaka 2007 kwa saratani, ambayo aliamini imetoka ng'ambo ya barabara. Mradi ukaendelea. Gesi ilipimwa kwa tani. Mapafu ya jirani hayakupata safu kwenye daftari.

Nakiri wapo wa vibanda vya Kennedy Road waliolitetea dampo, maana ndiko walikookota vya kuuza. Njaa haina pua. Lakini gesi hiyo ilizalisha umeme ukaingia gridi ya jiji, na wao ng'ambo ya uzio wakabaki na mishumaa na mafuta ya taa, kwa kuwa mwaka 2001 manispaa ilisimamisha kuingiza umeme vibandani. Naona hekima yake: mshumaa hautoi methani.

Kwa Kizulu, ardhi na dunia ni neno moja: umhlaba. Ninyi mmefaulu kulipasua. Dunia mnaiokoa, ardhi mnaitupia taka. Na ile iliyobaki safi mnaigawa kwingine: Machi 2005 watu wa Kennedy Road waliona tingatinga kwenye kiwanja walichoahidiwa kujengewa nyumba, wakaambiwa ni cha kiwanda cha matofali. Wakafunga Umgeni Road, 14 wakakamatwa. Siku mbili baadaye, Machi 21, Siku ya Haki za Binadamu, wenzao wakaandamana hadi kituo cha polisi cha Sydenham wakidai hao 14 waachiwe au wote wakamatwe. Hapo ndipo harakati ya wakazi wa vibanda, Abahlali baseMjondolo, ilipoanzia. Matofali, kwa kweli, ni mazuri. Yangefaa kujengea nyumba.

Mwaka 2011 mji ukapokea mkutano wa tabianchi wa COP17. Aprili 2022 mvua ikapokea mji: zaidi ya watu 400 walikufa katika mkoa huu, na vibanda vya Quarry Road, kando ya mto Palmiet, vikaenda na maji. Waliochoma mshumaa ndio waliolipia moshi wa wenye magari.

Basi naomba fomu ya kusajili mradi wangu wa gesi. Nina ndoo ya maganda ya ndizi, siku ya tisa sasa, na inatoa gesi kwa moyo wote. Jirani yangu analalamika. Je, tani zangu zihesabiwe baada ya kumuuliza, au kama kawaida?

Wenu,
Mpangaji wa chumba cha nyuma, Sydenham