Namna ya Kuwa Mpenzi Mkongwe wa Makeba kwa Wiki Moja

Sogea karibu, ndugu yangu wa Tunduma, nikunong'oneze. Mjini hapa kuna watu wanaoheshimiwa kwa sababu moja tu: wanaujua muziki wa zamani. Mtu hana lori, hana hata kibanda cha kubadilishia kwacha, lakini akisema, "Huo ulipigwa kabla hamjazaliwa," meza nzima inamsikiliza. Nawe unaitaka heshima hiyo. Ni haki yako. Kila mtu hupenda kuonekana alifika mapema. Tatizo lako ni miaka. Wenzako walianza na redio ya mkulima, wewe umeanza na simu. Basi nitakupitisha njia ya panya, na mkazi wa mpakani sihitaji kukueleza njia ya panya ni nini.

1. Shika albamu moja, uachane na nyingine zote. Anayejitia kujua kila kitu hunaswa kwa swali la kwanza. Anayejua kitu kimoja kwa undani hudhaniwa anajua na vingine mia. Chagua *An Evening with Belafonte/Makeba*, iliyotolewa na RCA Victor mwaka 1965. Ina nyimbo 12 fupifupi. Ukiwa kwenye foleni ya malori, utaimaliza kabla ya foleni kusogea. Mwaka 1966 ilipata tuzo ya Grammy. Na nyimbo zake zimeimbwa kwa lugha za Afrika Kusini, isipokuwa mmoja wa Kiswahili, kwa hiyo hakuna atakayekutahini maneno.

2. Kariri namba hii: mbili. Huu ndio mtego unaowanasa wanaojifanya. Wakiona majina mawili kwenye jalada, husema, "Napenda wale wawili wanavyopokezana mwanzo hadi mwisho." Hapo wamekwisha. Harry Belafonte wa Marekani na Miriam Makeba wa Afrika Kusini wanaimba pamoja nyimbo mbili tu: Mbombela na Malaika. Nyingine kila mmoja anaimba peke yake. Wewe sema hivi, taratibu, ukikoroga chai: "Mimi wananiumiza kwa kuimba pamoja mara mbili tu." Usiongeze neno.

3. Ukiulizwa kama ni jazi, usibishane. Grammy waliiweka upande wa muziki wa asili. Makeba mwenyewe alikulia katika jazi ya Johannesburg, akiimba na Manhattan Brothers, kisha kundi la wasichana la Skylarks, kisha mchezo wa *King Kong* wa mwaka 1959, ulioitwa opera ya jazi. Sisi tulikuwa na bendi za Morogoro Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz, na hatukuomba kibali cha Marekani. Sema "ni jazi ya sauti" na uendelee na chai yako.

4. Tumia reli. Hapa ndipo mtu wa Songwe anamzidi mtu wa Dar es Salaam, wa Nairobi na wa New York, kwa hiyo usipite haraka.

Albamu inafunguliwa na Mbombela, wimbo wa garimoshi. Wengi wanausikia kama wimbo wa safari, wa kupiga makofi. Wewe unaishi kando ya TAZARA, ile reli iliyojengwa na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Garimoshi unalijua. Lakini reli hiyo haijajengwa bado Makeba anapoimba. Ukitaka kumjua msafiri wa wimbo ule, rudi nyuma zaidi. Kabla ya uhuru, wanaume wa nyanda hizi za kusini waliondoka kwenda migodini: wengine Copperbelt, wengine mbali zaidi hadi Afrika Kusini, wakiandikishwa na kampuni ambayo wazee mpaka leo wanaiita Wenela. Garimoshi la kusini liliwabeba hao pamoja na Waxhosa, Wasotho na Wanyasa. Wengine walirudi na baiskeli na blanketi. Wengine hawakurudi.

Njia yako ya mkato ni hii. Tafuta mzee wa Unyiha au Unyamwanga ambaye baba yake alikwenda Wenela. Mwamkie vizuri. Keti. Mpigie Mbombela kwenye simu, sauti ndogo, kisha nyamaza. Usimweleze chochote juu ya Belafonte. Yeye ndiye atakayezungumza, na dakika kumi za mzee huyo zitakufundisha wimbo kuliko miaka ya kusikiliza peke yako. Kesho yake kijiweni utazungumza kama mtu aliyekuwepo kituoni. Huo ni udanganyifu mzuri na ninaukubali kwa moyo wote.

5. Kwenye Malaika, chokoza kisha ondoka. Kiswahili cha Makeba humu kinateleza mahali mahali. Usimkosoe, wasiojua ndio huanzia hapo. Sikiliza badala yake Belafonte anavyopunguza sauti yake ili ya Makeba ipite. Mtu mwenye jina kubwa hivyo, ambaye albamu yake ya *Calypso* ya mwaka 1956 ilimfanya maarufu duniani, anajifanya mdogo kando ya binti wa Kiafrika ambaye yeye mwenyewe alimsaidia kuingia Marekani. Halafu uliza swali moja: "Hivi Malaika ni wa nani?" Mmoja atasema Fadhili William wa Kenya, ndiye aliyeurekodi. Mwingine atasema hapana, ni wa Adam Salim, Mtanzania. Watapambana mpaka jioni. Wewe utakumbukwa kama aliyeuliza, na anayeuliza hudhaniwa ana jibu.

6. Weka jina moja mfukoni. Jonas Gwangwa. Mpiga tromboni wa Afrika Kusini. Ndiye aliyepanga muziki wa albamu hii na kuongoza wapigaji. Karibu hakuna anayemtaja. Litoe mara moja tu, mwishoni, ukiwa umesimama kuondoka.

7. Mahali pasipo na njia ya panya. Mpaka hapa nimekusaidia kughushi. Sasa nakuzuia.

Katika albamu kuna wimbo unaomwonya Verwoerd, waziri mkuu wa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Aliyeutunga, Vuyisile Mini, mwanachama wa vyama vya wafanyakazi, alinyongwa Pretoria mwezi Novemba 1964, miezi tu kabla albamu haijatoka. Kuna Khawuleza, wa Dorothy Masuka, watoto wakimhimiza mama yao akimbie, polisi wanakuja. Kuna Nongqongqo, wa viongozi waliokuwa gerezani. Makeba aliirekodi albamu hii akiwa hana pa kurudi: pasipoti yake ilifutwa mwaka 1960 alipotaka kwenda kumzika mama yake, na baada ya kuhutubia Umoja wa Mataifa mwaka 1963 sahani zake zilipigwa marufuku kwao.

Nyimbo hizo usizipige baa wakati mpira unaendelea. Usizitumie kumvutia mtu. Na usiseme ni za mbali. Mandela alipotoroka kwao mwezi Januari 1962, mguu wake wa kwanza Tanganyika aliukanyaga Mbeya, kama kilomita 100 kutoka hapo ulipoketi, na akashangaa hotelini kuona weusi na weupe wameketi pamoja. Miaka iliyofuata wenzake wengi walipita nyanda hizi wakielekea Dar es Salaam. Watu walioimbwa katika albamu ile walikunywa maji ya huku. Kwa nyimbo hizi zima taa, kaa peke yako, sikiliza.

8. Usijaribu kuacha. Wiki itakapokwisha utakuwa umepata heshima uliyoitaka, na utadhani kazi imekwisha. Haitakuwa imekwisha. Ukipanda basi la Vwawa utajikuta unaitafuta sauti ile, na hakuna atakayekuwa anakutazama. Utaingiziwa nyimbo hizo kwenye memori kadi, kadi itapotea, utaingiziwa tena. Watoto wako watalalamika. Usitafute dawa. Kughushi nilikufundisha kwa nia hii hii, kwa sababu sijaona mtu aliyeisikiliza albamu hii kwa wiki nzima, hata kwa majivuno, akabaki anaighushi.

Makeba alifariki Novemba 2008, Gwangwa Januari 2021, Belafonte Aprili 2023. Waimbaji hawatapanda jukwaani tena. Waliobaki ni wasikilizaji. Anza leo usiku, na uanze na Mbombela.