Tochi ya Disko

Ukitaka tochi ya kuwaka na kuzima tu pale stendi ya Makambako, utazunguka mpaka miguu iote sugu. Zote zina mbwembwe. Bonyeza, mwanga mkali. Bonyeza tena, hafifu. Bonyeza tena, inapepesa kama disko la harusi. Na huwezi kuizima bila kupitia kwenye hilo disko.

"Hiyo ya kupepesa ni ya ulinzi, mzee," kijana muuzaji akanieleza. "Kibaka akija unammulika hivi, haoni kitu, unaondoka zako."

Akanimulika mimi. Kweli, sikuona kitu. Lakini kibaka akishakukamata kola, macho ya nini tena? Mifuko yako ataipapasa hata kwenye giza totoro. Tena kwa Makambako hii, njia panda ya Songea na barabara kuu ya Tunduma, malori yanawamulika watu usoni usiku kucha. Kibaka wa hapa atashtushwa na kitochi cha plastiki?

Njombe mjini ndiyo balaa zaidi. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba inakuja na ukungu wake, na ukungu ni vitone vya maji: ukivimulika, vinakurudishia mwanga usoni. Washa disko lako humo, anayepofuka ni wewe. Jicho likishazoea giza ukalipiga mwanga mkali, huchukua kama nusu saa kulizoea tena vizuri. Kibaka kajibanza gizani, macho yake mazima, na wewe umemwonyesha ulipo. Bado kuna wenye kifafa. Wapo ambao mwanga wa kupepesa huwaangusha. Uje umwangushe jirani anayetoka mkesha kanisani?

Sikatai, mwanga wa ghafla humfanya mtu asite. Basi hata ule wa kawaida unatosha, halafu upige yowe. Watu wa mtaani kwetu hawasikii hodi wakishajifunika blanketi, ila yowe la mwizi wanalisikia.

Msimu wa mvua na ulanzi ulipofika, nikawa natafuta pa kukanyaga kwenye tope kwa tochi hiyohiyo niliyoishia kuinunua. Nikabonyeza nipate mwanga hafifu, kidole kikapitiliza. Bwana mmoja aliyekuwa anatoka kilabuni akasimama, akafungua koti, akaanza kukata kiuno katikati ya njia.

"Kamwene, bosi!" akanisalimu. "Ongeza sauti!"