Simba wa Saruji Hanywi Maji

Mpendwa Mshauri wa Mtaa,

Tumehamia kwenye mradi mpya wa nyumba huku Bunju, Dar es Salaam: nyumba 40, geti kuu moja, walinzi na kamati ya wakazi. Jirani yangu ameweka simba wawili wa saruji juu ya nguzo za geti lake, kawapaka rangi ya dhahabu, na kucha kawatia nyekundu. Nimepeleka hoja kwenye kamati kwamba simba waondolewe, na kila nyumba ilazimishwe kuotesha ukoka, kutandika pevingi sehemu yote inayobaki na kujenga ukuta wa mita tatu wa rangi moja, ili mtaa upendeze na thamani ya nyumba zetu isishuke. Kikao ni Jumamosi. Niseme nini ili nishinde?

Mwenye Macho, Kiwanja Na. 14

Ndugu Mwenye Macho, pole kwa simba. Kucha nyekundu chini ya manyoya ya dhahabu zinatosha kumtia mtu homa, na sina nia ya kuzitetea kwa uzuri wake. Lakini umeniuliza namna ya kushinda, nami naona heri ushindwe. Kamati ya wakazi si jopo la mashindano ya urembo. Ipo kwa sababu watu wamenunua viwanja vinavyopakana, na kuna vitu visivyojua bikoni iko wapi: maji, upepo, joto, kivuli. Kwa hiyo kila pendekezo nalipima kwa swali moja tu. Kitu hiki kinaishia kwenye mpaka wa mwenyewe, au kinavuka kwenda kwa mwenzake? Simba wa saruji anaishia getini. Hanywi maji, hazuii upepo, hamwagi mafuriko kwenye sebule ya mtu. Kinachovuka ni sura yake, na sura ina dawa ya bure, nayo ni kugeuza shingo. Vitu vitatu unavyotaka kuvilazimisha wewe, vyote vinavuka, na aliye upande wa pili hana pa kugeuzia shingo.

Tuanze na ukoka, maana ndio unaopendwa kuliko vyote na ndio wenye kiu kuliko vyote. Dar es Salaam hupata mvua ya milimita 1,100 hivi kwa mwaka, na nyingi yake hunyesha kwenye masika na vuli. Kati ya Juni na Septemba mbingu hufunga, na ukoka ukiachwa hugeuka rangi ya gunia. Mwenye nyumba hakununua kijani cha miezi minane, basi anachukua mpira wa maji. Nyasi zilizo juani huku pwani zinataka takriban milimita nne za maji kwa siku ili zibaki kijani, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Bustani ya mita za mraba 250 inakunywa, basi, lita 1,000 kwa siku: simtanki zima, kila siku inayokwenda kwa Mungu, kwa miezi minne. Hilo ni boza 12 za lita 10,000 kwa nyumba moja. Hoja yako ikipita Jumamosi, mtaa mzima utakuwa unamwaga boza nne kwa siku juu ya kitu ambacho mbuzi tu ndiye angekishukuru, na mbuzi wamepigwa marufuku na kamati hiyohiyo. Maji yenyewe yanatoka Ruvu, mto uleule unaowanywesha watu wa Tandale na Manzese. Mwezi Oktoba 2022 mto ulipopungua, DAWASA ilitangaza mgao, na jiji zima likajifunza upya kulala na ndoo zimejaa. Mto haukuuliza nani anapikia na nani anamwagilia.

Najua jibu lako: tuna visima. Kisima ni chako kwa mdomo wake tu. Maji ya chini hayana hati miliki. Karibu na bahari, maji baridi yaliyo ardhini yanayazuia yale ya chumvi yasisogee, na kila pampu inayovuta kuliko mvua inavyorudisha inaikaribisha chumvi hatua moja. Visima vya pwani ya jiji hili vilivyogeuka chumvi si hadithi ya kutungwa, na mwenye kisima kilichoharibika mara nyingi si yule aliyevuta zaidi. Kuhusu zulia la nyasi za plastiki, ambalo najua kuna mjumbe atalitaja, halinywi maji, ni kweli. Saa nane mchana ya Februari mwambie mjumbe alikanyage pekupeku.

Pevingi nazo zina kesi ya namna yake. Udongo wa sehemu kubwa ya pwani hii ni mchanga, na mchanga ni mlaji mzuri wa mvua. Ukiufunika kwa paa la mita za mraba 200 na pevingi za mita 150, umeziba mdomo wake kwa mita 350. Sasa ije mvua ya milimita 50, ambayo masika huimwaga kwa siku moja bila kujikamua: umepata lita 17,500 zinazotafuta pa kwenda, na zote zinajua njia ya mteremko. Zidisha kwa nyumba 40, zikawa lita 700,000. Fundi wako ameweka mwinuko mzuri ili maji yasituame mlangoni kwako, na hiyo ndiyo maana ya pevingi iliyolazwa vizuri: shida imekabidhiwa wa bondeni. Huyo naye anainua kiwanja chake kwa kifusi, anaikabidhi kwa anayefuata, mpaka wa mwisho ambaye hana pa kuipeleka. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Ni kweli kwamba Mto Msimbazi, uliofurika wakati ule, na Bunju ni mabonde mbalimbali, na sisemi kwamba pevingi zako zitaua mtu. Nasema kwamba mafuriko huanza kama jumla ya miteremko midogo, kila mmoja umelazwa na fundi stadi.

Kinachochekesha, au kingechekesha kama boza lingekuwa bure, ni kwamba maji unayoyafukuza Aprili ndiyo unayoyanunua Agosti. Paa lako la mita 200 linapokea lita 220,000 kwa mwaka. Beda Amuli aliposanifu Soko la Kariakoo miaka ya 1970 alilipa mapaa kama miavuli iliyopinduliwa, yanayoipokea mvua badala ya kuitupa, na watu walioliona kila siku kwa miongo kadhaa wakarudi nyumbani kujenga mapaa ya kuitupa. Sikudanganyi kwamba tanki la kukingia maji litaokoa ukoka wako; lita 10,000 zitaisha kwa siku kumi za kumwagilia. Lakini zitafulia, zitasafisha choo, zitaosha gari kwa muda mrefu. Kinachoshindikana ni ukoka tu.

Juu ya ukuta nina kesi ngumu zaidi, kwa sababu hapa wapinzani wangu wana hoja ya maana. Hoja ya usalama naiweka pembeni haraka: mmelipia geti kuu na walinzi wa zamu mbili, halafu kila mtu anajifungia ndani ya boma lake humo ndani, ambako mwizi akishavuka, ukuta uleule unamficha asionekane na jirani wala mlinzi. Hoja ngumu ni ya sitara. Mama mmoja wa Mbweni ameniandikia kwamba ukuta mrefu haukuletwa na matajiri wapya. Watu wa pwani, anasema, wameishi nyuma ya kuta tangu zamani, ili mwanamke akae kwake bila kutazamwa na kila mpita njia, na anayeudharau ukuta anaidharau heshima. Amesema kweli kuhusu historia, na anastahili jibu zaidi ya mzaha.

Nyumba ya mawe ya Lamu kweli huupa mtaa mgongo. Kuta zake za mawe ya matumbawe ni nene na madirisha ya nje ni machache. Lakini itazame nyumba hiyo yote, usichukue kipande. Katikati ina kiwanda, ua ulio wazi juu, ambao hewa ya moto hupandia na vyumba vinavyouzunguka hupumulia. Mlangoni ina daka lenye viti vya mawe, ambapo mgeni hupokewa, mpita njia huketi kivulini na habari za mtaa hubadilishwa bila mtu kuingia kwenye faragha ya mwenzake. Njia ya kuingilia hupindishwa, hata mlango ukiachwa wazi jicho lisifike ndani. Vichochoro ni vyembamba, hivyo nyumba hutiliana kivuli. Sitara ilipatikana kwa ramani, na kila kilichonyimwa mtaa upande mmoja kilirudishwa upande mwingine. Ukuta wa mita tatu wa Bunju umechukua mgongo ukaacha kiwanda, daka na kivuli. Ndani yake nyumba imekaa katikati ya kiwanja kama kabati, madirisha makubwa ya kioo pande zote, kisha ukuta unajengwa kuficha madirisha ambayo yenyewe yamewekwa ili tuone nje. Tuone ukuta, nadhani.

Na ukuta huo unavuka mpaka kwa njia ya upepo. Kusi hutupata kutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka, na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi, ambayo ndiyo miezi ya jasho. Ukuta mzima usio na tundu huutuliza upepo nyuma yake kwa umbali wa mara kadhaa ya kimo chake. Dirisha la chini lililo mita tano nyuma ya ukuta wa mita tatu limo kwenye hewa iliyokufa, na kwa kuwa viwanja vimepangwa mstari, ukuta wako ni kiyoyozi cha jirani kilichozimwa. Naye anawasha cha umeme, kinachopuliza joto lake kuelekea dirisha la chumba chako, na wote wawili mnakwenda kununua LUKU. Tofali za matundu, zile za kizamani zilizojaa kwenye shule na ofisi za miaka ya 1960, hupitisha upepo na kuvunja jicho. Mama wa Mbweni akizipanga juu ya ukuta wa mita moja na nusu na kutambaza mmea mbele yake, atabaki na sitara yake yote na hewa ya kuifurahia.

Bwana mmoja wa Goba amepinga kutoka upande mwingine: miti na vichaka huleta mbu na nyoka, ndiyo maana watu wanatandika pevingi. Nyoka nampa nusu. Majani makavu na mbao zilizorundikwa ukutani ziondolewe. Mbu simpi hata robo. Mbu anayeeneza homa ya dengi, iliyolitikisa jiji hili mwaka 2014 na tena 2019, hutaga kwenye maji yaliyotuama: kisahani cha chungu cha maua, simtanki lisilo na kifuniko, tairi, na mfereji ulioziba juu ya nyumba za kuficha bati, ambako hakuna anayepanda kuangalia.

Nimezitaja nyumba za kuficha bati, na nakiri kwamba siwezi kuzitazama bila kuugua. Paa lenye upenu wa sentimita 90 linautia ukuta wa kaskazini kivuli cha mita moja na nusu saa sita mchana mwezi Juni, na ukuta wa kusini karibu mita tatu Desemba, kwa kuwa jua letu hupita karibu na utosi mwaka mzima. Mtindo wa sasa umekata upenu ili nyumba ifanane na boksi la viatu, na ukuta unakaangwa. Hata hivyo, Mwenye Macho, sitaiomba kamati iukataze. Anayekaangwa ni mwenye nyumba mwenyewe, na LUKU ni yake. Kipimo kinachomlinda simba kinamlinda na yeye.

Inabaki thamani, neno ulilolitumia kama rungu. Ni kweli mnunuzi hupita Jumapili asubuhi, huona kijani na rangi moja, akavutiwa. Sibishani na macho ya mnunuzi. Ila mnunuzi huyo akirudi Agosti atakuta boza limeziba njia, na akirudi Aprili atavua viatu. Nyumba haiuzwi kwa msimu mmoja, na sifa ya mtaa unaojaa maji husambaa kwa madalali upesi kuliko picha yoyote ya ukoka.

Jumamosi, basi, ondoa hoja yako na ulete nyingine fupi: angalau theluthi ya kila kiwanja ibaki udongo wazi, kila paa liwe na mfereji na tanki, kuta zinazokabili upepo ziwe na matundu, na kiyoyozi kisielekezwe dirishani kwa mtu. Rangi, nguzo, vinyago na maua kila mtu na lake. Na kama zile kucha nyekundu bado zinakunyima usingizi, nunua mche wa mwarobaini uupande kati ya dirisha lako na geti la jirani. Hukua upesi, huvumilia kiangazi, na baada ya miaka michache matawi yatakuwa yamemfunika simba wa kushoto wote na nusu ya yule wa kulia. Usiupande karibu na shimo la maji taka. Mizizi yake haijui mpaka.